Kabati la Profesa Njano

Simu ilitikisika mfukoni mara tatu, ikanyamaza.

Wembe hakuigusa. Alimaliza kwanza kuchora umbo la kirusi ubaoni, akapangusa chaki mikononi, akawageukia wanafunzi wake arobaini na sita.

"Kirusi hakina miguu," alisema. "Kikihama, kuna mtu amekibeba. Mtafuteni huyo mtu."

Wakaandika. Katika chuo kile wanafunzi walifundishwa kuandika kila kitu, hata mwalimu akipiga chafya.

Akaitoa Nokia yake chini ya meza. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Shangazi kalazwa. Mwisho wa kuona wagonjwa saa nane.*

Maana yake mzigo ulikuwa unaondoka leo, kwa ndege ya saa nane mchana. Casio mkononi ilisema saa sita kasoro dakika tano.

"Tumemaliza," alisema. "Someni sura ya nne."

Wembe ndilo jina alilopewa na Ofisi, idara ya upelelezi iliyomwajiri. Chuoni walimwita Daktari, na kila alipoitwa hivyo ilibidi ajizuie asicheke. Miaka kumi na tano nyuma alikuwa mwanafunzi katika jengo hili hili, na chuo kilimtoa kwa madai kwamba hakufanya mtihani wa mwisho. Alikuwa ameufanya. Alikaa kiti cha tatu kutoka dirishani, akaandika saa tatu mfululizo mpaka kidole kikaota sugu. Lakini karatasi yake haikuonekana, na kwa kanuni za chuo, karatasi isipoonekana na wewe hukuwepo. Mama yake alikuwa ameshaalika ukoo mzima kwenye mahafali. Alishinda siku mbili kwenye simu akiwaambia wasije.

Ofisi ilimwokota mwaka ule ule. Mwaka huu, zilipovuma habari kwamba kuna mtu chuoni anatafuta mnunuzi wa virusi, Ofisi ilimrudisha kama mwalimu. Ilimchapia shahada tatu kwa alasiri moja, mbili kati yake za nchi za baridi. Chuo kilichomnyima shahada moja ya kweli kilipokea tatu za uongo kwa makofi. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Mkuu wa kitivo alizishika zile karatasi kwa ncha za vidole, akazitazama kwa mahaba, akamwita Wembe "mwenzangu".

Huyo mkuu wa kitivo alikuwa Profesa Njano.

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya makaratasi aliyosomea darasani, ambayo yalikuwa yamegeuka rangi kwa uzee. Bado alikuwa nayo. Mtihani aliowatungia wanafunzi wote wa kitivo, hata wa Wembe, bado ulikuwa ule ule, na swali la tatu bado lilikuwa na kosa lile lile. Alimfundisha Wembe mwaka mzima, na sasa hakumtambua hata chembe. Alikuwa na kazi nyingi ya kujikumbuka mwenyewe.

Wembe alipiga simu akishuka ngazi.

"Shangazi."

Shangazi alikuwa mwanamume wa miaka sitini mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuwahi kulipenda jina lake la kazi.

"Polisi wako njiani kumchukua mama wa stoo," alisema.

"Mama Funguo?"

"Huyo huyo. Juzi vichupa kumi na viwili vimetoka chumba cha virusi bila mlango kuvunjwa. Funguo anazo yeye. Kwao kesi imekwisha."

"Na mzigo?"

"Unapanda ndege. Hatujui umefichwa ndani ya nini. Uwanjani wanakagua mpaka soli za viatu, na bado muuzaji hana wasiwasi."

"Ukipita?"

"Ukipita, yule mama anaozea jela, na sisi tunaanza kuzika ng'ombe."

Simu ikakatika.

Ndani ya kila kichupa mlikuwa na unga mweupe kiasi cha chumvi ya kupimwa kwa kidole. Ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe uliotokomezwa zamani, kabla wanafunzi wa Wembe hawajazaliwa. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imeshatengeneza chanjo yake. Sasa ilikuwa inatafuta ugonjwa.

Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi wa chini. Mama Funguo alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha mbao, shada la funguo mapajani, mkoba wa nguo umefungwa miguuni. Wembe hakuwa amesimama mlangoni pale tangu arudi. Kila siku alipita ameinua pua. Mama huyu ndiye aliyekuwa akipokea karatasi za mitihani na kuzifungia, na mwaka ule Profesa Njano alimwambia Wembe waziwazi, "Kamuulize yule mama, yeye ndiye mpotezaji." Wembe aliamini. Alimdharau mama huyu kwa miaka kumi na tano, na dharau ilikuwa haijapungua hata kidogo.

Lakini uzembe ni kitu kimoja na kuuza virusi ni kingine.

"Polisi wanakuja," Wembe alisema, bila salamu.

"Najua. Nimefungasha kanga mbili na mswaki."

"Nani aligusa ufunguo wa chumba cha virusi?"

"Profesa. Alikuja juzi kuuazima, akasema dakika tano. Leo anawaambia polisi hajawahi kukanyaga hapa."

"Hakuandika kwenye daftari?"

Mama Funguo akacheka kwa pua. "Profesa haandiki kwenye daftari langu. Ukimwambia aandike, anakuuliza kama unajua unaongea na nani."

Wembe alishageuka.

Alipanda ngazi mbili mbili mpaka ofisi ya kitivo. Mlango ulikuwa wazi. Meza ya Profesa ilikuwa tupu, na kwenye zulia kulikuwa na vipande vya lakiri nyekundu, ile nta inayoyeyushwa kufungia mizigo ya siri. Karani wa kitivo alikuwa anajipulizia upepo kwa bahasha.

"Afadhali umekuja, Daktari," karani alisema, akimsogezea daftari. "Tia saini hapa. Karatasi zako za mtihani zimeshaondoka."

"Zipi?"

"Za darasa lako. Arobaini na sita. Zimeenda kwa mtahini wa nje."

Wembe alilitazama daftari. Halafu akautazama mkoba wake begani.

Mkoba ulikuwa mzito. Ulikuwa mzito kwa sababu mlikuwa na karatasi arobaini na sita za mtihani, zote, hazijasahihishwa hata moja. Mwalimu yeyote anayesahihisha mwenyewe anajua mpangilio wa kazi: kwanza wewe, ndipo mtahini wa nje. Profesa Njano hakuwa amesahihisha karatasi kwa mkono wake miaka mingi. Aliwasukumia wasaidizi, akatia saini chini. Alikuwa amesahau kwamba kati ya kuandika mtihani na kuusafirisha kuna mtu anayekaa na kalamu nyekundu.

"Sanduku limefungwa na nani?"

"Profesa mwenyewe! Hata mimi nimeshangaa. Kajifungia humu saa nzima, kafungua na kabati lake."

Kabati lilikuwa nyuma ya meza, la chuma, na kufuli la shaba la ukubwa wa ngumi.

"Ufunguo wake anao Mama Funguo?"

"Hilo? Thubutu! Upo mmoja tu, anauvaa shingoni pamoja na miwani. Kila kikao anatukumbusha."

"Wameondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Na mtahini mwenyewe, kaja kulichukua kwa mkono. Mgeni mstaarabu sana, kaniletea kalamu."

Wembe alikuwa ameshafika ngazi.

Sanduku la mitihani lenye lakiri na mhuri wa chuo!

Hapo ndipo ujanja ulipokuwa. Uwanja wa ndege uliowavua viatu bibi vizee kwa sababu ya kopo la mafuta ya mgongo ulikuwa unasimama wima na kuliacha sanduku la mitihani lipite. Hakuna afisa aliyeruhusiwa kulifungua, kwa waraka maalumu, kwa heshima ya elimu. Kama ungetaka kusafirisha maiti, ungempa namba ya mtahiniwa.

Nje, mwalimu wa takwimu alikuwa ameegesha pikipiki yake ya Honda na kuacha ufunguo kwenye swichi. Pengine alikuwa amepiga hesabu na kuona hatari ya kuibiwa ni ndogo.

Wembe akaiwasha, akaondoka nayo.

Barabara ya kwenda getini ilikuwa moja tu. Ilipita kati ya maktaba na ukumbi mkuu, ikapinda kwenye bustani, ikanyooka. Alipopinda aliiona Land Cruiser nyeupe mita mia mbili mbele. Akakaza mkono.

Land Cruiser ikawasha taa nyekundu za nyuma.

Ilikuwa imesimama.

Mbele yake, barabara nzima ilikuwa imejaa majoho. Ilikuwa siku ya mazoezi ya maandamano ya mahafali, na walimu wote wakubwa wa chuo walikuwa wamejipanga juani, wenye kofia za pembe na skafu za kila rangi, wanatoka jasho. Hawakuwa wakitembea. Walikuwa wakigombana.

"Mimi nimepandishwa cheo mwezi wa tatu!" mmoja alikuwa anafoka. "Wewe ni wa mwezi wa saba! Utanitanguliaje?"

"Mwezi wa saba lakini profesa kamili! Wewe ni mshiriki! Mshiriki anafuata!"

Dereva wa Land Cruiser alipiga honi. Hakuna aliyegeuka. Mbele kidogo, pembeni mwa barabara, pikapu ya polisi nayo ilikuwa imekwama, ikisubiri wasomi waelewane nani atangulie nani. Nyuma ya pikapu, pingu mkononi na mkoba mapajani, alikaa Mama Funguo.

Miaka yote Wembe aliwaona watu hawa kuwa hasara kwa taifa. Leo, kwa mara ya kwanza, walikuwa na faida.

Akaiangusha Honda kwenye nyasi, akaifikia Land Cruiser kwa miguu. Akafungua mlango wa nyuma.

"Profesa," alisema. "Umesahau kitu."

Profesa Njano aliruka kitini. Kati yake na mgeni lilikaa sanduku la bati, lakiri nyekundu pande zote nne. Mtahini alikuwa mwembamba, suti ya kitani, nywele zimelala vizuri. Hakuuliza swali. Mkono wake uliingia ndani ya koti, ukatoka na Beretta ndogo.

Alikuwa mwepesi.

Wembe alikuwa ameshabonyeza.

Kalamu ya mwanga aliyokuwa akionyeshea ubaoni ilikuwa ya Ofisi, na mafundi wa Ofisi walikuwa wameiongezea kitufe cha pili. Mwanga wa kijani ukampiga mgeni machoni. Akapiga ukelele. Risasi ikatoboa paa la gari. Wembe akamshika kiwiko, akakipinda mahali ambapo kiwiko hakipindi, Beretta ikaanguka chini ya kiti. Kabla hajamaliza kulia, mdomo wa Glock ulikuwa nyuma ya sikio lake.

"Mtihani umekwisha," Wembe alimwambia. "Weka mikono mezani."

Mlio wa risasi ulimaliza ugomvi wa vyeo. Maprofesa walilala chini, kamili na washiriki, bila kuangalia nani ametangulia.

Inspekta wa polisi alikuja mbio, bastola mkononi. Wembe alimwonyesha kitambulisho cha Ofisi. Inspekta alikisoma mara mbili, akanyooka.

"Huyu umfunge," Wembe alisema. Inspekta akamtia mgeni pingu. "Sasa tufungue sanduku."

Profesa Njano alikuwa amepata sauti yake. Aliteremka garini, akarekebisha tai, akasimama mbele ya sanduku na kifua mbele.

"Huwezi kuvunja lakiri hiyo! Hiyo ni lakiri ya chuo! Inahitaji kikao cha Seneti, akidi ya theluthi mbili, na taarifa ya siku kumi na nne!"

Wembe akaipasua kwa kitako cha bastola.

Ndani mlikuwa na vijitabu vya majibu, vimepangwa safi, vya zamani, kingo zimeliwa na mende. Akavitoa viwili viwili. Chini ya safu ya tatu, vijitabu vilikuwa vimegandishwa kwa gundi na kuchongwa shimo katikati. Ndani ya shimo, kwenye pamba, vilikuwa vimelala vichupa. Akavihesabu kwa sauti.

"Kumi na viwili."

Profesa hakupoteza hata nukta. Alinyoosha kidole kuelekea pikapu.

"Mnaona? Ni yule mama! Nilisema toka mwanzo! Karatasi za zamani zinakaa stoo, na stoo ni yake. Yeye ndiye kafunga sanduku hili, mimi nimelibeba tu kwa nia njema. Mwanamke hajasoma, kadanganywa!"

Inspekta alikuna kidevu. Alimtazama Profesa, tai yake, miwani yake inayoning'inia. Halafu akamtazama Mama Funguo, aliyevaa kandambili. Wembe aliona jinsi mizani ilivyoegemea.

Akainamia vijitabu. Vyote vilikuwa vya mwaka mmoja. Mwaka ule.

Alivifunua kimoja kimoja. Akafika cha saba. Juu yake kulikuwa na namba ya mwanafunzi ambayo hajawahi kuisahau, kwa mwandiko ambao sasa ulikuwa umebadilika kidogo tu. Pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa na saini ya Profesa Njano na alama. Themanini na moja.

Kwenye swali la tatu, Wembe wa miaka ishirini na mbili alikuwa ameandika: *Swali hili lina kosa. Jibu sahihi ni kama ifuatavyo.* Profesa alikuwa amezungushia sentensi hiyo duara mara nyingi, kwa nguvu, mpaka karatasi ikachanika.

Kwa hiyo haikupotea.

Ilisomwa, ikasahihishwa, ikafungiwa kabatini, kwa sababu binti mmoja aliandika ukweli kuhusu swali la tatu.

Wembe alisimama na kijitabu mkononi.

"Inspekta," alisema. "Muulize Profesa hizi zimetoka wapi."

"Nimeshasema, stoo!"

"Hazijawahi kurudi stoo. Chuo kizima kilitafuta karatasi hii moja kikaikosa." Akainua kijitabu. "Hii hapa, imesahihishwa kwa mkono wako. Ulikuwa nayo, ukasema haipo. Leo asubuhi ulihitaji makaratasi ya kujazia sanduku, ukafungua kabati lako, ukabeba furushi la kwanza. Hukulitazama. Ungetazama ungekumbuka."

"Kabati langu... hata huyu mama anaweza..."

"Ufunguo ni mmoja," Wembe alisema. "Unawakumbusha wenzako kila kikao."

Akanyoosha mkono, akavuta ule mkufu wa miwani. Ufunguo wa shaba ukatokeza juu ya tai, mbele ya watu wote. Mkono wa Profesa ukaruka kuufunika, na hapo Inspekta hakuhitaji kuuliza tena. Sura ilikuwa imemshuka Profesa, na kwa mara ya kwanza alimtazama Wembe usoni kama mtu anayetafuta jina.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Kiti cha tatu kutoka dirishani. Karatasi hii ni yangu."

Hakukumbuka. Hata hapo, pingu zikimbana, hakukumbuka. Wembe aliona kwamba jambo hilo halikumuuma tena.

Makamu Mkuu wa Chuo alijiinua kutoka kwenye nyasi, akapangusa joho, akasogea na tabasamu la mazishi.

"Daktari, hili ni jambo la kusikitisha. Chuo kinaweza kutafakari, kwa utaratibu maalumu, kukupatia ile shahada yako. Ya kweli."

"Ninazo tatu," Wembe alisema. "Mlizipenda sana."

Akampita.

Alipiga simu. "Shangazi karuhusiwa kutoka hospitali. Watu kumi na wawili wazima."

"Na mama?"

"Namwendea sasa."

Inspekta alikuwa anahangaika na pingu za Mama Funguo. Ufunguo ulikuwa unakwama. Mama Funguo alimtazama kwa huruma kidogo.

"Funguo mia moja na nne ninazo," alisema, "na huu ndio sina. Zungusha kushoto, baba. Kushoto. Ehee."

Pingu zikaachia. Akasugua vifundo vya mikono, akamtazama Wembe, akakitazama kijitabu mkononi mwake.

"Ulipata ngapi?"

"Themanini na moja."

Mama Funguo akatikisa kichwa taratibu. "Siku tatu nilitambaa chini ya rafu na tochi. Kila kijitabu nilikigeuza. Nilikuwa nawaambia, mtoto wa watu kaandika, nilimwona kwa macho yangu akitoka mle chumbani na wino vidoleni. Wakanipa barua ya onyo."

"Ulinitambua?"

"Siku ya kwanza. Ulipita mlangoni umenuna, nikasema, ehee, karudi, na hasira yake kaja nayo."

"Nilidhani ni wewe," Wembe alisema.

"Najua."

Aibu ilimshika Wembe mwili mzima, aibu ya miaka kumi na tano kwa mkupuo mmoja. Alikuwa ametembea na dharau yake yote hiyo kama silaha, na sehemu moja ya dharau hiyo aliielekeza kwa mtu pekee aliyewahi kumtafutia haki yake kwa magoti. Akafungua mkoba, akatoa zile karatasi arobaini na sita.

"Zitunze mpaka apatikane wa kuzisahihisha. Mwambie swali la tatu awape wote alama zake. Swali lenyewe ni bovu."

Mama Funguo alizipokea. Hakuziweka kando. Alizihesabu palepale, nyuma ya pikapu, moja moja, akilowesha kidole, huku polisi wakisubiri na maprofesa wakijipanga upya. Arobaini na sita. Akatoa daftari lake mkobani, kati ya kanga mbili na mswaki, akaandika, akamsogezea Wembe atie saini.

Wembe akasaini. Kisha akasimama mbele yake, mikono kando, kama alivyopaswa kusimama kila asubuhi kwa wiki tatu tangu arudi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama Funguo alisema. "Sasa nenda. Na hiyo pikipiki ya watu uirudishe."

Wembe aliiinua Honda kutoka kwenye nyasi, akaisukuma mpaka alipoikuta, akaiegesha palepale na ufunguo kwenye swichi. Halafu akaelekea getini kwa miguu. Mlinzi alitoa kichwa dirishani akamwambia asaini kutoka. Wembe hakupunguza mwendo.